Mwanangu alianguka kifafa kikakataa kuisha: je, nilichelewa?

SWALI: Daktari, assalam aleikum. Mimi ni mama wa Mtongwe, Likoni, Mombasa. Mwanangu wa kiume ana miaka 17 na kifafa anacho tangu ana miaka sita. Huanguka, akatetemeka dakika moja au mbili, kisha hulala na kuamka mwenyewe, basi tushazoea. Wiki ya mwisho ya Ramadhani alianguka saa saba usiku. Alitetemeka, akatulia kidogo bila kufumbua macho, akaanza tena. Mama mkwe akasema tungoje, kitaisha kama siku zote, huku akitafuta kombe (maji yaliyooshewa aya za Qurani) la kumnywesha. Jirani akamtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Alipoanza mara ya tatu ndipo tukatafuta tuktuk, tukangojea feri, na kufika hospitali huko kisiwani ilishapita karibu saa nzima. Alilazwa siku nne. Sasa yu nyumbani, anaongea, lakini amekuwa msahaulifu. Nikaja kugundua kwamba tangu mfungo uanze alikuwa hamezi dawa. Je, nilimchelewesha? Nitajuaje siku nyingine kwamba hiki si cha kungoja? Na sisi wa ng'ambo usiku tufanyeje? Baba yake ni mvuvi, anataka kumrudisha chomboni.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole, na pole zaidi kwa hilo jino.

Nikujibu lile la kwanza kwanza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, mlichelewa. Sitakuficha, kwa sababu nikikwambia hapana, siku nyingine utangoja tena. Lakini lawama siikuwekei wewe. Kwa miaka kumi na moja umekwenda kliniki, ukapewa vidonge na tarehe ya kurudi, na kwa barua yako naona hakuna aliyewahi kukukalisha akakwambia kwamba kifafa kina saa yake, na kwamba saa hiyo ikipita unachokitazama si kile ulichokizoea tena.

Saa yenyewe ni dakika tano.

Kifafa kingi cha kuanguka na kutetemeka mwili mzima huisha chenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Hicho ndicho unachokijua. Kikifika dakika tano hakijaisha, uwezekano wa kuisha chenyewe hushuka sana, na kuanzia hapo sisi madaktari tunakiita hali ya dharura na kukitibu hivyo. Zamani vitabu vyetu vilisema dakika 30. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa, ILAE, lilichora mistari miwili badala ya mmoja: wa dakika 5, ambapo matibabu lazima yaanze, na wa dakika 30, ambapo tunaanza kuhofia kwamba ubongo wenyewe unaumia. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema nusu saa ndiyo hatari, amechukua mstari wa pili akausahau wa kwanza. Lengo zima la matibabu ni kuutumia muda ulioko kati ya mistari hiyo miwili.

Na hapa ndipo kisa chako kinapofundisha. Alitetemeka, akatulia, akaanza tena, na katikati hakufumbua macho. Ninyi mlihesabu vifafa vitatu vifupi. Mimi nahesabu kimoja kirefu. Mtu akianguka, akatulia, kisha akaanguka tena kabla hajarudi kuwajua watu, saa haikusimama, inaendelea kutoka ule mtetemeko wa kwanza. Mama mkwe wako hakukosea kukumbuka vya siku zote. Alichokosa kukitazama ni macho. Siku zote kijana hulala, akiitwa akajigeuza, akiguswa akanung'unika. Usiku ule hakurudi kabisa.

Nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukusukuma. Ubongo una breki zake. Kuna kemikali inayoitwa GABA, na juu ya kila seli ya ubongo kuna milango ambayo kemikali hiyo ikiigonga, seli hutulia. Kifafa kinapowaka, breki hizo hushika, na ndani ya dakika mbili moto unazimika. Lakini moto ukiendelea, seli huanza kuivuta milango ile ndani, kama mwenye duka anayeteremsha shata. Wakati huohuo inatoka nje milango ya aina nyingine, ile ya kuchochea. Breki zinapungua na mafuta yanaongezeka kwa pamoja. Ndiyo maana kifafa kirefu huzaa urefu zaidi.

Sasa, dawa tunazotumia kukikata kifafa kwanza, diazepamu (wengi wenu mnaiita valiamu), midazolamu na lorazepamu, zote hufanya kazi kwenye milango hiyohiyo ya GABA. Sindano ambayo dakika ya tano ingekitoa kifafa peke yake, dakika ya hamsini inabisha kwenye shata lililofungwa. Mara nyingi nimewasikia jamaa wakilalamika barazani mwa hospitali kwamba dawa ya hapa ni maji, amedungwa mara mbili na bado anatetemeka. Dawa si maji. Imefika imechelewa.

Mwili nao hauko salama. Mwanzoni presha na sukari hupanda, mwili ukijikaza. Kikiendelea vinaanza kushuka, joto linapanda hata kama hakuwa na homa, pumzi inakuwa haba, na misuli iliyokuwa ikikazana bila kupumzika huanza kuvunjika na kumwaga uchafu wake kwenye damu, mpaka figo zinalemewa. Wapo wanaofariki, na mara nyingi kinachoua ni chanzo cha kifafa pamoja na huu uchovu wa mwili.

Basi jambo la kwanza siku nyingine, kabla ya maji, kabla ya kuita jirani: tazama saa. Simu iko mkononi, washa ile saa ya kuhesabia au angalau piga jicho kwenye dakika. Usikadirie. Nimewahi kupokea baba aliyeapa kwamba bintiye ametetemeka nusu saa, tukaangalia video aliyoichukua kwa simu, ilikuwa dakika mbili na sekunde kidogo. Na nimewahi kupokea familia iliyosema si muda mrefu, halafu bibi mmoja akakumbuka kwamba kilianza wakati adhana ya alfajiri inaadhiniwa, na wakati ule jua lilikuwa limeshapanda. Hofu huirefusha dakika, na mazoea huifupisha. Hiyo video pia isikutie haya. Mtu mmoja akiichukua kwa sekunde ishirini hivi, daktari wa neva ataiona na kujua mengi kuliko ya kusimuliwa.

Wakati saa inahesabu, mikono yako ina kazi ndogo. Ondoa meza, kibao cha mbuzi, jiko, chochote cha kumgonga. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Legeza shingoni. Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasirudi kooni. Basi. Usimkandamize, utamtegua bega. Kijiko hapana, wala kitambaa, wala kidole. Ulimi haumezwi, umefungwa chini kinywani, na mtu haumezi hata akitaka. Kinachomezwa ni kipande cha jino kilichovunjwa na kijiko. Kiatu puani, kitunguu, mafuta ya taa, havifanyi lolote ila kuwapa watu kitu cha kufanya.

Kuhusu kombe nataka kuwa mwangalifu, kwani najua uzito wake nyumbani kwetu na mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Dua someni, tena kwa sauti, haimdhuru na inawatuliza mlio pale. Lakini asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote cha maji, kiwe kombe, kiwe maji ya sukari, kiwe dawa yake ya kila siku. Koo lake halilindi njia ya hewa, na kile kitakachomiminwa kitateremkia mapafuni. Akishaamka, akakaa, akakujibu jina lake, hapo ni hiari yenu.

Dakika ya tano ikifika, ondokeni. Kwa wengine hata hizo tano zisingojwe: mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani, mama mjamzito (hicho huenda ni kifafa cha mimba, ugonjwa mwingine kabisa), mgonjwa wa kisukari, aliyeangukia majini, aliyegonga kichwa, au mtoto mwenye homa kali asiyezinduka vizuri. Hapa pwani huyo wa mwisho nasisitiza. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi wamefuatilia degedege la watoto kwa miaka mingi, na malaria pamoja na maambukizi mengine yamekuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya degedege refu. Wako wazazi wanaoliita nyuni na kulipeleka kwingine kwanza. Degedege fupi la homa kwa kawaida hupita bila madhara, ila hakuna awezaye kulitofautisha na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo kwa kutazama tu mkekani.

Sasa swali lako la ng'ambo, ambalo ndilo gumu, na nadhani ndilo la maana kuliko yote.

Mwaka 2012 Wamarekani walichapisha utafiti mmoja mzuri walioufanya kwenye magari ya wagonjwa. Kundi moja la wenye kifafa kirefu lilidungwa midazolamu kwenye msuli wa paja, jingine likatafutiwa mshipa likapewa lorazepamu, dawa ambayo wengi waliiona ndiyo bora. Walipofika hospitali, kifafa kilikuwa kimekatika kwa watu 73 katika kila 100 waliodungwa pajani, na 63 katika kila 100 wa mshipani. Si kwamba paja lina uganga. Kutafuta mshipa kwa mtu anayetetemeka kunakula dakika, na dawa iliyoingia mapema ilishinda.

Ukilileta hilo Likoni, maana yake ni kwamba msivuke na kifafa kinachowaka ikiwa sindano ya kwanza inapatikana upande wenu. Feri inafanya kazi usiku kucha, lakini usiku vyombo ni vichache, na dakika za kungojea pale gatini ni zilezile nilizokuwa nikikueleza. Watu wengi wa ng'ambo akili zao hukimbilia kisiwani moja kwa moja, Makadara (Hospitali Kuu ya Pwani), kwa sababu ndiko kuliko na madaktari wakubwa. Mna haki kuwaza hivyo kwa matibabu ya siku nne. Kwa matibabu ya dakika kumi za mwanzo, mhudumu wa zamu katika kituo kilicho karibu nawe, mwenye diazepamu, oksijeni na kipimo cha sukari, ana thamani kuliko profesa aliye ng'ambo ya maji. Akishadungwa, kama hakijakatika au kama hajaamka, ndipo mvuke, tena kwa gari la wagonjwa, likatangulizwa kwenye feri.

Kazi hii ifanye mchana, wiki hii. Nenda mwenyewe kwa miguu kwenye vituo vilivyo karibu na kwenu, na Hospitali ya Likoni, ukaulize maswali mawili: usiku mna mtu? Diazepamu ya sindano ipo? Usione haya kuuliza. Kisha tafuta dereva wa tuktuk wa mtaani anayelala karibu, mwelewane kabisa, namba yake ibandikwe ukutani. Na ndani ya tuktuk mgonjwa alale ubavu mapajani mwenu, asikaliswe wima kichwa kikaning'inia, maana hiyo shingo ikikunjika njia ya hewa inazibwa.

Kuna hatua moja zaidi ambayo ningependa uifikishe kwa daktari wake. Aliyewahi kupata kifafa kirefu mara moja anaweza kukipata tena, na familia ya namna hiyo, hasa iliyo mbali na hospitali, inafaa kuwa na dawa ya dharura nyumbani. Inaweza kuwa diazepamu inayotiwa njia ya haja kubwa, au midazolamu inayowekwa kati ya shavu na ufizi. Ya pili ni rahisi kumpa kijana wa miaka 17 bila kumvunjia heshima, ila si kila duka la dawa linayo na bei yake inauma. Ya kwanza ni rahisi kupatikana: mara nyingi ni maji yaleyale ya sindano, yanatiwa kwa sirinji isiyo na sindano. Kipimo hukadiriwa kwa uzito na umri, kwa hiyo siandiki hapa mililita ngapi, kwani mwenye mtoto wa miaka mitatu naye anasoma. Utaandikiwa, na utaonyeshwa kwa mikono. Ukishaonyeshwa, rudia mbele ya nesi mpaka aridhike. Nyumbani iwekwe mbali na joto na mwanga, na kwa joto letu la Februari si juu ya friji wala dirishani. Diazepamu usiivute mapema ikalala ndani ya sirinji kwa siku nyingi, plastiki huinywa dawa na siku ya haja utampa pungufu. Hutolewa mara moja, kama ulivyoelekezwa. Dozi juu ya dozi inaweza kumzima pumzi. Andika saa uliyompa, hata kwa kalamu kwenye mkono wake, mfike hospitali waione. Vidonge vya valiamu mdomoni wakati anatetemeka, hapana, kwa sababu ileile ya kombe.

Hospitali wenyewe watafanya nini? Hewa, oksijeni, sukari ya damu hapohapo (kama hawajaipima, uliza, sukari iliyoshuka huleta kifafa na hutibiwa kwa dakika), kisha diazepamu au ndugu yake. Isipokata, inafuata dawa ya pili ya mshipani: fenobabitoni, fenitoini, valproeti au levetirasetamu, kutegemea iliyopo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulizilinganisha hizo tatu za mwisho, fenitoini ikiwa katika umbo lake jipya, ukakuta zinalingana, kila moja ikikikata kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa hiyo msigombane na daktari kwa kuwa ametumia hii na siyo ile. Ikishindikana, anatiwa usingizi kwa dawa huku mashine ikimpumulia.

Nakuja kwenye mfungo. Kuacha dawa ghafla ni moja ya sababu kubwa za kifafa kirefu kwa mtu anayejulikana kuwa na kifafa, na fenobabitoni ni miongoni mwa zilizo kali zaidi kwa kulipiza kisasi ikiachwa ghafla. Ongeza na usingizi uliokatwa vipande, tarawehe, baraza, daku, na kwa vijana wengine miraa ya kukeshea. Kijana wako hakuwa mtukutu. Alitaka kufunga kama wenzake, na pengine aliona aibu kumeza kidonge futari ikiliwa mbele ya watu. Zungumza naye kwa upole juu ya hilo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, hilo imamu wenu atamweleza vizuri kuliko mimi. Na kama anashikilia kufunga, aje kliniki Shaabani, si Ramadhani. Ziko dawa zinazomezwa mara moja usiku, ziko za mara mbili zinazoweza kuangukia futari na daku, na mipango hiyo hupangwa na daktari kabla, taratibu. Asiipange peke yake. Vilevile akiugua kitu kingine, ataje kifafa kabla ya kuandikiwa dawa: tramadoli ya maumivu na siprofloksasini, kwa mfano, zinaweza kukiamsha.

Usahaulifu. Siku chache, hata wiki kadhaa baada ya kifafa kama kile, kumbukumbu huyumba, na dawa alizopewa wodini nazo huchangia usingizi na uzito wa kichwa. Wengi hurejea. Siwezi kukuapia kwamba hakuna kilichoharibika bila kumwona. Ninachotaka ukiangalie ni mwelekeo: wiki hii amesahau mambo mangapi, wiki ijayo mangapi. Ikiwa anazidi kupotea, au mkono au mguu wa upande mmoja umekuwa mzito, au kuna vipindi anatazama tu bila kujibu huku vidole au kope zikichezacheza, mrudishe upesi. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kifafa chenyewe kinachoendelea bila mtetemeko, na kukijua hakika kunataka kipimo cha umeme wa ubongo.

Baba yake nampa pole, maana najua mkono wa pili chomboni ni chakula cha nyumba. Lakini kwa sasa asimpandishe. Kifafa cha dakika mbili kinachomwacha mzima mkekani kinamuua baharini kwa dakika hizohizo mbili, na boya haligeuzi uso uliolala majini kama halikutengenezwa kwa hilo. Amtafutie kazi ya nchi kavu: kushona nyavu, kupima samaki bandani, hesabu za mnada. Swali la bahari tulirudie akikaa muda mrefu, kwa miezi siyo wiki, bila kuanguka na dawa akizimeza mbele ya macho yako, na jibu litoke kwa daktari wake atakayeliona daftari lako la tarehe na dakika.